Keki Itoke Nzima: Mwongozo wa Kuchagua na Kuandaa Trei ya Mikunjo

Keki ya trei ya kawaida ya duara ikigandia chini, una pa kuficha. Unakata ukoko, unapaka krimu, wageni wanakula bila kujua kilichotokea jikoni. Keki ya trei ya mikunjo, ile yenye tundu katikati, haina pa kuficha kitu. Uzuri wake wote, yale matuta yanayozunguka kutoka juu hadi chini, ni upande uliokuwa umelala ndani ya trei. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kikibaki ndani, kila anayeingia sebuleni anakiona kabla hata hajakaa.

Naoka keki hizi nyumbani, nyingi kwa oda za harusi na Idi. Ile iliyonifundisha zaidi ni keki ya tende niliyoahidi kwa shughuli ya kuvisha pete. Asubuhi na mapema nilipaka trei mafuta vizuri nikaiweka kando, nikaenda kupika pilau, nikarudi kuchanganya keki saa sita mchana. Joto la kaskazi mnalijua. Keki iliiva, nikaifudikiza juu ya sinia, ikashuka nusu. Shangazi aliyekuwa amekuja kunisaidia alichungulia ndani ya trei, akapitisha kidole ubavuni, kisha akakipitisha chini kabisa kwenye mabonde. Akaniambia, "Mwanangu, mafuta yote yako huku chini. Huku ubavuni ni pakavu." Yalikuwa yameyeyuka na kuteremka nilipokuwa nimempa mgongo.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: keki kutoka nzima huamuliwa kabla mchanganyiko haujaingia kwenye trei. Gonga utakavyogonga baadaye, kazi ilishafanyika au ilishaharibika.

Kwa nini trei hii ina tundu

Umbo hili lina asili yake Ulaya ya kati, kwenye keki ya gugelhupf inayookwa Austria, kusini mwa Ujerumani na Alsace huko Ufaransa, zamani kwa vyombo vya udongo, shaba au chuma kizito. Trei tunayoijua leo ilizaliwa Marekani. Mwaka 1950, mjini Minneapolis, wanawake wa Hadassah, jumuiya ya wanawake wa Kiyahudi, walimwendea H. David Dalquist, mwanzilishi wa kiwanda cha Nordic Ware, wakamwomba awatengenezee chombo cha namna ile lakini chepesi zaidi. Akakisubu kwa aluminiamu, yaani akaiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, na kikaingia madukani kwa jina la Bundt. Kwa miaka mingi hakikununuliwa sana. Mambo yaligeuka mwaka 1966, pale Ella Helfrich wa Texas aliposhika nafasi ya pili katika shindano la kuoka la Pillsbury kwa keki ya chokoleti aliyoiokea ndani ya trei hiyo. Baada ya hapo kila jikoni ikaitaka.

Tundu la katikati linapeleka joto hadi kwenye moyo wa keki, ndiyo maana keki nzito ya siagi na mayai mengi inaiva humu bila kubaki mbichi katikati huku kingo zikiungua. Lakini tundu hilo na mikunjo yake vinaongeza sana eneo linaloguswa na keki, na kila sehemu inayoguswa ni sehemu inayoweza kugandia.

Kuchagua trei

Ishike mkononi kwanza. Trei ya bati jembamba ukiigonga kwa kucha inalia kama kopo. Ya aluminiamu nzito ya kusubu inatoa sauti fupi, ya kuzama. Chukua nzito. Inasambaza joto sawasawa, wakati jembamba lina sehemu zinazochomeka mapema, na pale panapochomeka ndipo sukari inapoyeyuka na kuwa gundi.

Kisha angalia mikunjo yenyewe. Kumbuka bonde la trei ndilo tuta la keki. Pitisha ncha ya kidole cha shahada ndani ya kila bonde. Kidole kikiingia na kutoka bila kukwama, brashi nayo itafika na keki itateleza. Kisipoingia, hiyo ni trei ya kununua baadaye, mkono ukishazoea. Madukani kuna trei za umbo la waridi, za kasri, za nyota zenye kona kali. Zinapendeza sana, lakini kila kona kali ni mdomo unaouma keki. Kwa anayeanza, chukua mikunjo mipana, ya mviringo, isiyozidi kumi na mbili au kumi na minne kuzunguka trei. Hakikisha pia kuta zimetanuka kuelekea juu. Trei iliyojibana mdomoni kuliko tumboni haitoi keki hata uipake nini.

Rangi ina kazi yake. Trei nyeusi au ya kijivu iliyokoza inanyonya joto na kukausha ukoko haraka, kwa hiyo utapunguza moto kwa nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi. Ya rangi ya fedha au dhahabu hafifu inatoa ukoko laini zaidi. Nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua ya rangi hafifu, kwa sababu nyingine pia nitakayoieleza kwenye kupaka.

Trei nyingi za siku hizi zina utando wa kuzuia kugandia. Utando huo unasaidia lakini hautoshi peke yake. Paka mafuta vilevile. Ukinunua ya mtumba, ipeleke kwenye mwanga wa jua. Mikwaruzo iliyofika kwenye madini, au utando wa kahawia unaonata ukiugusa, ni dalili kwamba mwenyewe wa kwanza ameshagombana nayo. Mikwaruzo haitibiki. Utando unaonata mara nyingi unatoka, na nitasema jinsi ya kuutoa.

Kuna trei za silikoni, laini kama mpira. Zinabanduka kwa kukunjwa, lakini ukoko wake unatoka mpauko na matuta hayakai makali. Ukizitumia, ziweke juu ya trei bapa kabla ya kumimina, kwani ukizibeba zikiwa na mchanganyiko zinajikunja.

Ukubwa upime kwa maji. Maandishi ya chini ya trei wakati mwingine hayapo, na kipenyo peke yake kinadanganya kwa sababu tundu limekula nafasi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, mimina hadi ukingoni. Trei ya vikombe 12 inachukua karibu lita 2.8, yaani chupa mbili kasoro kidogo. Ya vikombe 10 inachukua kama lita 2.4. Ile ndogo ya vikombe 6 inakaribia kumaliza chupa moja. Andika kiasi hicho kwenye kipande cha utepe ukibandike nje ya trei, ukitoe siku ya kuoka. Kisha shika sheria hii: mchanganyiko usizidi theluthi mbili ya trei, na kwa keki nzito sana robo tatu. Ukizidi, keki inapanda inamwagikia ukingoni, na ile iliyomwagika ikikauka inaishika keki yote kama mkanda. Kinachobaki mimina kwenye vikombe vya vikeki, watoto watakushukuru.

Mafuta gani, na kwa nini si siagi

Wengi tumefundishwa kupaka siagi au majarini. Kwa trei bapa yenye karatasi chini, sawa. Kwa mikunjo, siagi ina kasoro mbili. Karibu asilimia 16 hadi 18 yake ni maji, na yale maji yakigeuka mvuke yanaacha sehemu tupu. Pia ina chembechembe za maziwa, ambazo kwenye moto zinaungua na kushika kwenye trei kama maziwa yanavyoshika chini ya sufuria. Majarini nayo ina maji, tena zile laini za kupaka mkate zina maji mengi zaidi.

Unachotaka ni mafuta matupu yanayoganda. Mafuta ya kupikia ya kuganda ya kopo, kama Kimbo, yanafaa sana. Na sisi wa pwani tuna samli. Samli ni siagi iliyokwishatolewa maji na maziwa, kwa hiyo inafanya kazi hii vizuri, na kwenye keki ya iliki inaacha harufu ambayo hakuna mafuta mengine yatakupa. Mafuta ya maji matupu, ya alizeti au ya mahindi, yanateremka haraka mno kwenye kuta. Yatumie kwenye mchanganyiko nitakaoutaja sasa hivi, si peke yake.

Zile dawa za kupuliza za kopo la gesi nakushauri uziache kama trei yako ina utando. Nyingi zina lesithini, ambayo inaungua na kujenga ule utando wa kahawia unaonata. Kila ukipuliza unaongeza tabaka, na baada ya miezi trei iliyokuwa haishiki inaanza kushika.

Rojo la kupakia

Hii ndiyo njia ninayoitumia kwa oda zote. Kipimo kimoja cha mafuta ya kuganda, kimoja cha mafuta ya maji, kimoja cha unga wa ngano. Nusu kikombe kwa kila kimoja kinakutosha kwa keki nyingi. Piga kwa mchapo mpaka kiwe laini, cheupe, kama krimu nzito. Weka kwenye chupa yenye kifuniko ndani ya friji, linakaa miezi. Kwenye joto mafuta ya maji yanajitenga juu, basi likoroge kabla ya kutumia. Kwa keki ya chokoleti, badili unga wa ngano uwe wa kakao, ili keki isitoke na madoa meupe.

Uzuri wa rojo hili ni kwamba unga na mafuta vinapakwa pamoja, kwa hiyo hakuna mahali penye mafuta pasipo na unga. Mafuta yanazuia protini za mayai zisikamate trei, na unga unaweka tabaka kavu kati ya mafuta na sukari ya keki.

Kama huna, paka samli kisha nyunyiza unga, uzungushe trei ukiigongagonga mpaka kila bonde limeshika vumbi, halafu ifudikize na uigonge kutoa unga uliozidi. Unga uliobaki marundo marundo unatoka na keki kama chokaa. Waoka wa Austria na Ujerumani hutumia siagi na chenga za mkate mkavu uliosagwa badala ya unga. Ukoko unatoka na harufu ya kukaangwa, nami naipenda kwenye keki ya ndizi. Sukari sikushauri kwa mikunjo yenye kina. Ikiwa moto inateleza, ikipoa inagandisha keki kama kashata kwenye sinia.

Kupaka

Sasa sikiliza hapa, kwani ndipo mambo mengi yanapoharibika.

Changanya keki yako kwanza. Trei ipakwe mwisho kabisa, mchanganyiko ukiwa tayari kwenye bakuli na oveni imeshapata moto. Trei iwe kavu kabisa na isiwe ya moto. Siku za joto kali huiweka kwenye friji robo saa kabla ya kuipaka, ili mafuta yashike pale yalipowekwa, nami huifuta unyevu kwa kitambaa mara ikitoka.

Tumia brashi laini ya kupakia, siyo kidole wala karatasi. Chovya kidogo. Anza chini kabisa ya bonde moja, ambapo patakuwa kilele cha keki, uvute kwenda juu mpaka ukingoni. Rudi bonde linalofuata. Ukimaliza mzunguko wa nje, paka tundu la katikati kuanzia chini hadi ncha, pande zote. Tundu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na keki inayong'ang'ania tundu inapasuka mviringo, juu inabaki na chini inashuka. Mwisho paka ukingo wa juu, kidole kimoja zaidi ya pale unapodhani keki itafika.

Halafu washa tochi ya simu. Ilaze karibu na mdomo wa trei, mwanga uingie kwa ubavu, na uzungushe trei polepole. Palipopakwa pananyevuka na kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Palipo pakavu panabaki pamefifia. Kwenye trei ya rangi hafifu utapaona mara moja, na ndiyo sababu ya pili ya kuipenda. Karibu kila mara nakuta kipande kidogo kwenye shingo ya tundu, upande uliokuwa mbali nami. Kirudie. Ila usijaze mafuta mengi kwenye mabonde, kwani yakikusanyika chini keki inatoka na vishimo kwenye vilele vyake.

Kumimina

Mchanganyiko wa kutosha trei ya vikombe 10 ni rahisi kukumbuka: kikombe 1 cha siagi, 2 vya sukari, 3 vya unga, mayai 4. Ongeza kikombe 1 cha tui zito la nazi, vijiko 3 vya chai vya hamira ya keki, yaani beking pauda, nusu kijiko cha chumvi na vijiko 2 vya chai vya iliki iliyotwangwa upya. Piga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe, mayai moja moja, kisha unga na tui kwa kupokezana.

Mchanganyiko mzito kama huu usiumimine wote kwa mkupuo. Chota kwa kijiko, weka kidogo kwenye kila bonde, sukuma kwa mgongo wa kijiko mpaka ujaze pembe. Ndipo umimine uliobaki. Kunja taulo mezani, inua trei kidogo na uiangushe juu yake mara mbili tatu ili hewa itoke. Kisha sukuma mchanganyiko upande kidogo kwenye kuta za nje na uache bonde kuzunguka tundu. Keki itapanda sawa na itakaa vizuri kwenye sinia. Michirizi ya ukingoni ifute.

Tende, zabibu kavu, vipande vya chokoleti, ndizi: visiguse trei. Weka kwanza tabaka la mchanganyiko mtupu, la unene wa vidole viwili, ndipo uchanganye matunda kwenye uliobaki. Sukari ya tende ikigusana na trei yenye moto inaungua na kushika, na hakuna mafuta yatakayoizuia.

Kuoka

Nyuzijoto 175 kwa trei ya rangi hafifu, 160 hadi 165 kwa nyeusi, rafu ya katikati, dakika 50 hadi 60. Keki mbichi haitoki nzima. Chomeka kijiti cha mshikaki katikati ya ukuta na tundu, mpaka chini. Kitoke kikavu au na chenga mbili tatu. Kingo ziwe zimeanza kujitenga na trei.

Wanaooka kwa mkaa, kama tunavyooka mkate wa mayai, weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, iache ipate moto, kisha weka trei juu ya mchanga. Mfuniko usiguse keki ikipanda. Mkaa wa chini uwe mchache kuliko wa juu. Matuta ya keki yako chini, na moto mkali wa chini utayaunguza na kuyagandisha kabla katikati hapajaiva.

Dakika kumi

Ikitoka, iweke juu ya wavu na uangalie saa. Dakika kumi, hadi kumi na mbili kwa trei kubwa. Kabla ya hapo keki ni laini mno na inakatika. Ukiiacha nusu saa, mvuke unageuka maji ndani ya trei, sukari inaganda, na keki inashika upya.

Dakika ya kumi ikifika, vaa glavu za jikoni, shika trei kwa mikono miwili na uitikise kulia na kushoto ikiwa imelala. Keki iliyo tayari utaisikia ikicheza ndani kama kitu kimoja. Kama upande mmoja haujaachia, pitisha ncha ya mwiko mwembamba wa plastiki au wa mbao ukingoni na kuzunguka tundu, juu juu tu. Kisu hapana, kinakwaruza trei na kukata matuta. Weka sinia juu, shika vyote pamoja, fudikiza kwa mkono mmoja usiosita. Acha kwanza, usinyanyue. Mara nyingi baada ya nusu dakika unasikia mshindo mdogo laini, keki imeshuka yenyewe. Ndipo uinue trei wima.

Ikikataa

Iache ikiwa imefudikizwa. Loweka taulo kwenye maji ya moto, likamue, lifunike juu ya trei dakika tano. Joto linayeyusha mafuta yaliyoganda. Gonga kwa mgongo wa mwiko kuzunguka. Kama keki imeshapoa kabisa, irudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika tatu hadi tano na ujaribu tena. Kipande kikibaki, kitoe kikiwa bado na uvuguvugu, kirudishe mahali pake, kikandamize kidogo na ukifunike kwa sukari ya unga iliyolainishwa kwa ndimu. Na kabla hujaosha trei, tazama kilibaki wapi. Kama ni kwenye tundu, brashi haikufika. Kama ni ubavuni juu, mafuta yaliteremka. Kama ni kwenye kilele na pameungua, moto wa chini ulizidi.

Kuosha

Jaza trei maji ya uvuguvugu yenye sabuni ikishapoa, iache nusu saa, usugue kwa brashi laini. Kwenye pembe tumia njiti ya meno ya mbao. Steelwool na mchanga havigusi trei hii, wala mashine ya kuoshea vyombo haifai kwa aluminiamu ya kusubu. Ule utando unaonata kwenye trei yenye utando wake mzima unatolewa kwa bikaboneti ya soda iliyochanganywa na maji kidogo: paka, acha dakika chache, sugua kwa sponji laini, suuza. Aluminiamu isiyo na utando usiipake soda, inageuka nyeusi. Kausha kwa kitambaa, kisha ianike kifudifudi mpaka mabonde yakauke, na usiipangie sufuria juu yake kabatini.